Karanga Moja Kwenye Springi ya Mizani

Bibi yangu mzaa baba alikuwa hanunui mbuzi kwa macho. Mnadani watu wengine wanafunua midomo kuangalia meno, wanapapasa mgongo, yeye anachuchumaa tu, anapitisha mikono chini ya tumbo la mbuzi, anamwinua kidogo mpaka kwato zinaachana na vumbi, halafu anamshusha. Anakwenda kwa mwingine.

Wachuuzi walikuwa wanamtania. "Bibi, unanunua au unalea?"

"Huyu amejaa maji," anawajibu. "Mwacheni akojoe kwanza, ndipo tuongee bei."

Na kweli walikuwa wanawanywesha maji njiani wale mbuzi, ili waonekane wamenona. Bibi hakuwa na mizani. Alikuwa na mikono na mgongo. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kushika kamba ya waliokwisha kununuliwa. Moja tu, na ilinishinda. Siku moja niliachia kamba nikaenda kutazama baiskeli iliyoanguka, mbuzi wetu wawili wakapita katikati ya vyungu vya wauza pombe. Bibi alilipa vyungu. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unakwenda wapi?" Sikuwa ninakwenda popote. Miguu ndiyo ilikwenda.

Ndivyo nilivyo mpaka leo. Haya ninayaandika kwa vipande, mistari miwili nakaa, mitatu nasimama. Vijana wa vibanda vya mafundi pale sokoni ndio walioniomba. Walisema, "Mzee Ndahani, umeacha kazi ghafla, tuandikie basi hata ujuzi." Ujuzi upo humu, mtautafuta wenyewe katikati ya maneno. Shule niliishia la tatu. Mwalimu alisema hawezi kufundisha mtoto aliyesimama.

Baba akanileta mjini Dodoma, kwa fundi mmoja mzee mtu wa Kondoa, Mzee Sudi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa karibu na reli, na kazi yake ilikuwa springi. Springi tu. Ya cherehani, ya kufuli, ya bomba la kupulizia dawa, ya mkasi wa kukatia zabibu. Ukimletea kitu kingine anakuonyesha barabara.

Siku ya kwanza baba alipoondoka, Mzee Sudi akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akachukua springi moja, akaivuta kwa kidole, ikalia. "Umesikia?" Nikasimama nione vizuri. "Kaa." Siku ile nzima nadhani niliambiwa "kaa" zaidi ya nilivyoitwa jina langu.

Alinifundisha hivi. Waya uwe waya wa springi wenyewe, ule mgumu unaokukataa mkononi. Waya wa kufungia uzio utakupa kitu kinachofanana na springi mpaka utakapokivuta. Unafunga fimbo ya chuma kwenye jiliwa, ile koleo kubwa ya mezani, unaanza kusokota waya kuizunguka kwa mkono wa chuma, polepole, pete moja ikiegemea nyingine. Fimbo iwe nyembamba kuliko upana unaoutaka, kwa sababu ukiachia tu springi inajifungua, inakuwa pana. Vijana wengi hapo ndipo wanapolia. Kisha unaipasha moto ndani ya kikaango cha mchanga juu ya jiko la mkaa, mpaka waya upate rangi ya asali, unaiacha ipoe yenyewe. Usiimwagie maji. Ukiimwagia maji kwa haraka zako, ni juu yako.

Na pete uhesabu. Hilo ndilo alilolirudia kuliko yote. Springi yenye pete chache ni ngumu, yenye pete nyingi ni laini, hata kama waya ni uleule. Pete moja inatosha kuharibu kazi.

Kuhesabia alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga. Pembeni rundo la kokwa za tende. Ile springi ya zamani unaihesabu pete zake, unatoa kokwa idadi hiyohiyo unaziweka kopo la kwanza. Ukisokota pete moja, unahamisha kokwa moja kwenda kopo la pili. Kopo la kwanza likiisha, umemaliza. Hapo hata mtu akija kukusalimia, hata treni ikipita, hesabu haipotei.

Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini kokwa? Mawe si yapo bure?"

"Mawe yanachafua meza."

Nikaridhika. Nilidhani pia ni kwa sababu anapenda tende. Alikuwa mtu wa kutafunatafuna, yule mzee. Mdomo wake haukutulia hata siku moja, kama miguu yangu.

Alipofariki, familia yake ilinipa jiliwa, mkono wa kusokotea na makopo mawili. Nikahamishia kazi nyumbani kwangu Chang'ombe, kwenye chumba cha uani, hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Jiliwa nikalifunga vizuri. Kokwa nikazimwaga jalalani. Niliona ni uchafu wa mzee. Mahali pake nikaweka sinia la karanga. Kwetu Ugogo karanga hazikosekani ndani ya nyumba, na ni nyepesi, hazipigi kelele kwenye kopo.

Nilifanya hivyo miaka mingi bila tatizo, na sitawachosha na springi zote. Wakati wa kupogoa zabibu nilikuwa napata mikasi kwa makumi. Springi ya mkasi ni ndogo lakini ikizidi ugumu mpogoaji anaumwa kiganja kabla ya saa nne, anakuja kukutukana. Kuna bwana mmoja wa ofisini, tai shingoni, alileta kiti kinachozunguka. Alisema kinamrusha akikaa. Nikakitengeneza. Akarudi akasema sasa hakimrushi, alikwisha kuzoea kurushwa, anaomba kimrushe kidogo. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupata. Mpaka alipokuja Sista Agnes.

Sista Agnes ni nesi, yuko peke yake na mhudumu mmoja kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko upande wa Chemba. Alikuja asubuhi, amebeba mizani imefungwa kwenye khanga kama mtoto. Ile mizani ya kliniki, ya duara, inayoning'inizwa darini, mtoto anavalishwa suruali ya kitambaa ananing'inia chini yake anapiga kelele.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kaiua?"

"Mtoto wa mwenyekiti. Alikuja na kaka yake, kaka akaning'inia na yeye."

Nikafungua. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Mizani mpya alikwisha kuomba, ilikuwa inasubiriwa, lakini siku ya kliniki ilikuwa kesho yake na kina mama wanatembea kutoka mbali. Gari la kurudi lilikuwa linaondoka saa nane. Alikuwa na mambo yake mengine mjini, akaenda, akaniachia.

Nikaunganisha vile vipande viwili, nikahesabu pete. Kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Nikatia karanga kumi na moja kwenye kopo la kwanza, nikaanza.

Sasa, siku hiyo nilikuwa na kitu mwilini, sijui niseme nini. Nilikuwa nataka kutoka. Hakuna nilikokuwa naitwa. Nilisokota pete tatu nikaenda mlangoni. Nikarudi, nikasokota mbili, nikaenda kuangalia kama mama Neema, mke wangu, ameanika mtama. Nikarudi. Kopo likaisha, nikakata waya, nikapinda ndoano huku na huku, nikaipasha moto. Ilikuwa springi nzuri kwa macho. Ningeweza kuivaa shingoni.

Ikabaki kuijaribu. Mzee Sudi alinifundisha kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na kwamba springi ijaribiwe kwa mzigo mzito kama itakaoubeba. Ndoo ya lita kumi, basi umemaliza. Lakini maji yalikuwa hayatoki mtaani tangu jana yake, mapipa yamebaki nusu, na mama Neema alikuwa anayalinda. Au niseme ukweli, sikuomba. Nikachukua jikoni sukari yake, kilo mbili, iko kwenye mfuko kama ilivyotoka dukani, nikaitundika.

Mshale ukapita mbili. Ukapita mistari miwili hivi, ile midogo.

Mama Neema akaingia. "Sukari yangu ya chai inafanya nini hapo juu?"

"Inafanya kazi. Tena muuza duka wetu amekuzidishia."

"Yule?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Yule anayepima na kidole gumba juu ya mizani?"

Nikacheka na mimi. Nikamrudishia sukari yake. Sista akaja, akaweka mizani kwenye khanga, akashukuru, akaondoka na gari la saa nane. Nami nikatoka, nikazunguka mtaa mara mbili, nikarudi.

Nyinyi mnaosoma mmeshaona. Mimi ilinichukua miezi mitatu.

Sista Agnes alipiga simu. "Fundi, samahani, ile mizani iko sawa kweli?"

"Iko sawa. Kwa nini?"

"Kuna bibi hapa ananisumbua. Bibi Dorika. Analea mjukuu, Yona, wa mwaka na miezi miwili, mama yake anafanya kazi mjini. Kila mwezi anagombana na mimi. Mizani inasema mtoto amezidi alivyokuwa kabla haijavunjika, yeye anasema amepungua."

"Anajuaje?"

"Anasema anambeba mgongoni."

Nikamwambia mizani iko sawa, wazee wanachoka, mtoto huyohuyo leo mzito kesho mwepesi. Nilisema hivyo. Nikakata simu nikakaa, na nilipokaa nikaona sikai. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamkuta mama Neema anaweka sukari kwenye chai, kijiko, kingine, na nikabaki namtazama mkono.

"Mama Neema, umewahi kuona duka linalozidisha sukari?"

"Hapa duniani?"

Sikumaliza chai. Nikachukua koleo, tupa, kipande cha waya, kikaango na ndoo yenye alama za lita, nikapanda gari. Njia nzima nilisimama, ingawa viti vilikuwepo.

Nilifika ikiwa siku ya kliniki. Kina mama wamekaa kwenye benchi na chini, watoto migongoni. "Mbukwenyi," nikasalimu kwa Kigogo, wakaitikia. Sista aliiona ndoo mkononi mwangu. Alisimamisha kupima.

Nikatundika ndoo tupu, nikazungusha skurubu mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri. Nikaanza kutia maji lita kumi, taratibu, kwa jagi la zahanati. Mshale ukafika kumi. Maji yalikuwa bado hayajaisha kwenye jagi. Nikamalizia. Ukasimama karibu na kumi na moja.

Kina mama wakasimama kuutazama mshale. Hata mama aliyekuwa anamnyamazisha mtoto akaacha.

"Fundi," Sista akasema polepole, "hiyo ni kilo nzima."

"Karibu."

"Na watoto?"

"Kila mmoja kwa kiasi chake. Anayesomeka kilo nane anapungua kama robo tatu ya kilo."

Alikwenda kwenye daftari la kliniki akakaa mbele yake bila kulifungua. Mimi nikaishusha mizani, nikaifungua palepale juu ya benchi, nikahesabu pete. Kumi na mbili. Nikahesabu kwa ukucha. Kumi na mbili. Na hapo ndipo ladha ikanirudia mdomoni, ladha ya karanga. Nilikumbuka kabisa. Nilipokuwa narudi kutoka mlangoni nilichukua moja kwenye kopo la pili, lile la zilizokwisha kuhesabiwa, nikaitafuna. Nikaona aibu kula hesabu, nikarudisha nyingine kutoka kwenye sinia. Lakini niliirudisha kopo la kwanza.

Kokwa haitafuniki. Mzee Sudi alijua mdomo wake, akajikinga nao. Angeniambia tu.

Niliwaambia. Sikujua kusema vizuri, nilisema tu, "Kosa si la Sista. Mimi nilikula karanga," na ilinibidi nianze tena kuanzia mwanzo kwa sababu hakuna aliyeelewa. Mama mmoja akasema, "Yaani mtoto wangu ameongezeka karanga?" Wengine wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Kisha wakaacha.

Bibi Dorika alikuwa mwisho wa benchi. Mwanamke mfupi, miguu mikavu. Alimfungua Yona mgongoni, akaja mpaka nilipo, hakunisalimia. Akamnyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Shika."

"Bibi, mimi mikono yangu ina mafuta."

"Shika, fundi."

Nikapitisha mikono chini ya kwapa zake, nikamwinua kidogo. Nimeshika vyuma maisha yangu yote, najua kilo bila kuangalia. Mtoto yule alikuja juu upesi kuliko mikono yangu ilivyojiandaa. Alinitazama tu. Hakulia hata kidogo, na mtoto wa umri ule akishikwa na mzee asiyemjua hupiga kelele.

"Saba na nusu," nikasema.

"Mwezi uliopita nilimwambia binti huyu," Bibi Dorika akasema, akimwonyesha Sista kwa kidevu. "Nikamwambia mgongo wangu umepata nafuu, na mimi sijapona."

Sista Agnes alikuwa analia bila sauti na huku anafanya kazi. Alipima mikono ya watoto kwa ile tepu ya rangi inayoonyesha mtoto aliyekonda, mmoja baada ya mwingine. Tepu ilikuwepo muda wote kwenye droo, lakini mshale ulikuwa unasema mazuri, nani angeitafuta? Watoto wanne walitakiwa kwenda hospitali. Mkono wa Yona tepu ilifika kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Akapiga simu, zikaja pikipiki mbili.

Nami nikaomba mkaa. Nikakata pete moja, nikapinda ndoano upya, nikaipasha moto kwenye mchanga mpaka rangi ya asali, nikasubiri ipoe. Nilisubiri nimekaa. Nilijishika magoti kwa mikono nisiinuke. Kisha ndoo, maji, lita tano, lita kumi, lita kumi na tano. Mshale ulikaa juu ya kila namba kama umepigiliwa. Bibi Dorika alikuwa amekwishapanda pikipiki, mtoto katikati yake na dereva. Dereva alikuwa anawasha, yeye akamgonga bega asubiri. Akaniuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, wala si kwa hasira:

"Fundi, siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Pikipiki ikaondoka.

Yona alilazwa wiki tano. Nilikuwa napiga simu kwa Sista kila asubuhi mpaka akaniambia nipige jioni, asubuhi ana wagonjwa. Wiki ya kwanza alisema "yupo." Ya pili, "yupo." Ya tatu alisema amelia usiku kucha, akasema hivyo kwa furaha, nami nikafurahi, nikaenda kumwambia mama Neema kwamba mtoto analia. Wiki ya tano aliruhusiwa. Wale watatu wengine walitangulia kutoka. Sasa Yona anatembea, naambiwa, na bibi yake anamkimbiza. Mizani mpya imefika zahanati. Ile yangu wameitundika stoo, wanapimia mahindi ya mhudumu.

Mimi nilirudi kazini. Nilinunua tende, nikala, nikaosha kokwa, nikazikausha juani, nikazitia kwenye kopo. Kila springi nikaijaribu kwa maji, mama Neema mwenyewe alikuwa ananiletea ndoo bila kuombwa. Nilidhani imekwisha.

Juzi, kabla ya kupogoa zabibu, mama mmoja wa Chamwino aliniletea mikasi. Springi ya pete tisa, kitu cha dakika chache. Nikatia kokwa tisa. Nikasokota, nikahamisha, nikasokota, nikahamisha. Pete ya saba nilipoimaliza nilisikia kitu kigumu kati ya meno. Nikakitema kwenye kiganja. Ilikuwa kokwa, imelowa mate, ina alama ya jino. Sikumbuki kuichukua.

Nililaza koleo juu ya meza. Waya nikauacha kwenye jiliwa, pete saba, mkia wake umesimama hewani. Mama wa Chamwino alikuwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni.

"Unakwenda wapi, baba?" akaniuliza.

Nikampita, nikatoka.